Skrubu ya Hewa

Baba aliinunua Tanga, bandarini,
mtumba wa Japani, nyekundu ya nyanya iliyopitiliza,
akaipakia kwenye behewa la mizigo, siku tatu, hadi Mwanza.
Tangu siku hiyo haikupumua vizuri.
Kule ilifungiwa jeti ya usawa wa bahari,
hewa nzito, ya kushiba.
Huku kwetu juu ya mawe hewa ni uji wa mgonjwa,
nayo ikaendelea kunywa petroli kwa mazoea ya pwani,
na Baba akaendelea kunukia petroli
mpaka tulipomvua koti mara ya mwisho.

Fundi Ng'wigulu wa Mabatini aliitazama mara moja tu.
Akaonyesha kibati chini ya tangi, ukubwa wa kiberiti,
mpira mmoja unaingia, mwingine unashukia ekzosi.
"Hiki kidude kazi yake kuunguza moshi upya.
Kinakula nguvu. Tunatoa."
Akatoa.
Tundu akaliziba kwa kijiti cha mpera na sabuni ya mche.
Chujio akalitupa, akafunga soksi ya mtoto.
Jeti akaitoboa kwa waya wa breki ya baiskeli
hadi tundu likawa jicho la kuku.
Elfu ishirini. Nikalipa, nikashukuru.

Ilikwenda. Sikatai, ilikwenda.
Kupanda Bugando ilikuwa beberu.
Kushuka, sabuni ikishayeyuka,
ilipiga baruti: pa! pa-pa!
makorongo yakaruka kutoka jalalani,
na wagonjwa, nadhani, waligeukia ukutani.

Nyumbani Igogo, Mbuke alikuwa anabanika sangara.
Nilizima pikipiki ndani ya wingu langu mwenyewe.
"Moshi wangu," alisema, akifuta macho kwa kiwiko,
"una samaki ndani yake.
Wa kwako una nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.

Jumapili, kabla ya kengele ya misa ya kwanza,
nilikaa juu ya ndoo, nikafungua plagi.
Nyeusi. Laini. Masizi ya sufuria ya msibani.
Nikarudi Mabatini kudai kibati:
fundi alikilalia risiti zisipeperuke.
"Baba yako naye alikuwa mbishi," akasema,
akakipuliza vumbi kabla ya kunipa.

Chujio nikakata sponji, nikaichovya oili, nikaikamua.
Jeti mpya, ndogo, namba tisini na tano, kutoka Rwagasore.
Boya nililipima kwa rula ya shule ya mdogo wangu.
Sindano nikaishusha mkato mmoja.
Mipira nikairudisha, kila mmoja na mdomo wake.

Halafu skrubu ya hewa.
Ndani mpaka ikome, usikaze, shaba haisamehi.
Nje, mzunguko mmoja. Na nusu.
Sikiliza.
Robo tena: ikababaika,
kama mtu anayetafuta jina la mtu anayemjua.
Rudi nusu ya robo.
Rudi unywele.
Hapo.
Sauti ikakaa chini, ikakunja miguu.

Ng'ambo, juu ya maji, mnara wa wadudu wa ziwani
ulikuwa umesimama kama moshi, lakini ukiishi.
Nikazunguka mpaka Mkuyuni na kurudi,
nikafungua plagi ingali ya moto:
rangi ya biskuti.

Mbuke alikuja na kanga yake ya jikoni.
Akaweka kiganja nyuma ya ekzosi, akakinusa.
Nilisubiri sifa.
"Hamna kitu," akasema.
Akanusa tena, polepole zaidi.
"Hata baba yako hayumo."

Jirani ni jirani; akarudi kwenye samaki wake.
Mimi nikanawa kwa sabuni ileile ya mche,
mara mbili, mpaka kwenye viwiko.
Kucha sikuzisugua.